Mbuzi wa Kosa la Karatasi

Wiki hii nimesoma kitabu cha ufugaji nyuki kuanzia jalada hadi jalada, na sina nyuki hata mmoja. Nilikipata kwenye sanduku la vitabu vikuukuu pale soko la Gakoromone, kati ya muuza vitunguu na muuza ndizi, nikakichukua kwa sababu mwandishi wake ana hasira. Kila sura anamgombeza mfugaji: kwa nini mzinga umeuweka juani, kwa nini asali umeivuna kabla haijaiva. Nimempenda. Vitabu vingi siku hizi vinambembeleza msomaji kama mtoto anayekataa uji.

Kuandika kumekwenda kombo. Wachapishaji wangu wa Nairobi wanataka hadithi ya darasa la nne kuhusu kupiga mswaki, yenye mafunzo, yenye mnyama, na isiyo na mtu anayekufa. Nimeandika habari za fisi mwenye meno mabovu, nikazifuta, nikaziandika tena, na kila mara fisi anaonekana ndiye mwenye haki. Mhariri anasema mtoto hafai kumaliza kitabu akiwa upande wa fisi. Nitajaribu tena.

Sasa sikukuu. Mnaosoma barua zangu za Ijumaa mnajua kwamba Krismasi tunaila kwa zamu: mwaka mmoja hapa Kiirua kwetu, mwaka unaofuata Kiambere kwa kina mke wangu Wambura. Safari hii ni zamu ya Kiambere. Mnajua pia kwamba nikiwa huko mimi ni mtu wa kukaa pembeni, kwa sababu kwa Wambeere mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani ana kwa ana. Wanaiita nthoni, yaani haya ya ukwe. Sisi Wameru neno hilo tunalo, ila tumelilegeza. Wao wamelikaza. Sijawahi kumpa mkono Mama Njue, wala kula akiniona, wala yeye kula nikimwona. Akiwa jikoni, mimi niko nyuma ya ghala la mtama. Akipita uani, nageuka nikaangalia bwawa la umeme kule chini kana kwamba sijawahi kuona maji. Jina lake nalijua, lakini halijapata kutoka kinywani mwangu, na hapa namwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama wanavyomwita watu wote. Tumeishi hivyo kwa amani tangu nimwoe Wambura. Nikiwasikia wanaume wenzangu wakiwalalamikia mama wakwe zao, naona waliotunga utaratibu huu walikuwa na akili.

Ila Mama Njue ameanguka. Aliteleza kwenye zizi la mbuzi wake, akaangukia nyonga. Daktari wa zahanati alimfuata nyumbani kwa pikipiki, akamgusagusa, akasema apelekwe Embu upesi akapigwe picha, kwani akikawia huenda asitembee tena. Mama amekataa. Gari la wagonjwa lilikuja likaishia kwenye korongo, maana njia ya kwake inataka gari la juu, na gari la juu katika ukoo huu ni moja tu, pikapu yangu ya kubebea viazi. Tena hawezi kukaa wala kusimama, ni lazima anyanyuliwe, na hataki kunyanyuliwa na mwanamume asiye wa nyumba yake. Mumewe, Mzee Mbogo, ni marehemu. Njue yuko kazini Doha na hapewi likizo hadi mvua ya masika. Amebaki mkwe, ambaye hata salamu hazimfikii isipokuwa kwa kupitia mtu wa tatu.

Tukamwambia tutakodi gari na vijana wenye nguvu. Jibu lilikuja kupitia kwa Wambura: ana mkwe mwenye gari, halafu abebwe na watu wa kukodisha, majirani watasema nini? Kwa hiyo kwangu hapandi kwa ajili ya haya, na kwa mwingine hapandi kwa ajili ya aibu. Wambura mwenyewe haendeshi. Alijaribu mara moja akaishia kwenye shamba la jirani Muriithi, na viazi vya Muriithi bado anavikumbushwa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia la kufanya mkuu mwenyewe akishavunjika guu na akakataa kusikia.

Nimekasirika, na mimi nikikasirika huandika. Nimemwacha fisi na meno yake, nikaandika hadithi fupi mtakayoiona hapo chini. Mwanamume anafika kwa mama mkwe wake aliyeanguka. Watu wamejaa uani wakinong'ona kuhusu mila. Yeye anapita katikati yao bila kumsemesha mtu, anaingia ndani, anamnyanyua mama, anampakia garini, anaondoka. Haina mafunzo. Nimeiweka katika kijiji kimoja karibu na bwawa la umeme, na majina yote nimeyabadilisha.

*

Nimetozwa faini.

Nianze na kusoma, kwa sababu nimesoma maoni yenu tu wiki nzima na yametosha. Nusu yenu mmesema mwanamume yule ni shujaa. Nusu mmesema hana adabu. Mmoja wa Nkubu ameuliza ile pikapu ni ya mwaka gani.

Kisa cha faini ni hiki. Mdogo wa Wambura, Linda, ndiye anayekaa na mama yao. Kumbe kila Ijumaa, baada ya taarifa ya habari, Linda humsomea mama yake barua zangu kutoka kwenye simu. Sikuwa najua. Muda wote huu nimeandika nikidhani nasomwa na walimu wastaafu na kile kikundi chetu cha vitabu cha mjini Meru, na kumbe Mama Njue amesikia yote, hata yale niliyoyasema kuhusu jogoo wake. Nthoni inakataza macho na mikono. Haikupata kusema lolote kuhusu simu ya Linda.

Basi Linda aliisoma hadithi hadi mwisho. Mama akamwambia arudie pale ambapo yule mama ananyanyuliwa. Linda akarudia. Mama akamwambia arudie tena. Halafu akaagiza aitwe Mzee Muchangi, mdogo wa marehemu Mbogo, ambaye mgongo wake haunyanyui tena hata debe la maji, lakini ndiye msemaji wa nyumba ile.

Mzee Muchangi alinipigia simu baada ya kanisa. Aliuliza mvua, akauliza viazi, akauliza kama huku kwetu bado kuna baridi ya kuua mtu. Ndipo akanieleza kwa utaratibu kwamba nimemshika mama mkwe wangu mbele ya watu, na kwamba kosa hilo lina faini inayojulikana. Nilete beberu wa rangi moja, asiye na kovu, nimlete mimi mwenyewe kwa mkono wangu, achinjwe pale uani. Nikamwambia mzee ile ni hadithi tu. Akasema ndivyo alivyosikia. Nikamwambia yule aliyemshika si mimi, ni mhusika. Akataka kujua huyo mhusika ni wa nani. Nikasema hana mtu, ametoka kichwani mwangu.

"Basi ni wako," akasema. "Mtoto akivunja chungu cha watu, Gikunda, tunamwendea baba yake."

Nimeandika tangu nikiwa kijana, na nimekosolewa na wahariri, wakaguzi wa shule na mapadri. Sijawahi kutozwa mbuzi. Nilimweleza Wambura kwamba hapa kuna jambo kubwa la msingi. Leo natozwa kwa kumnyanyua mama wa karatasi, kesho nikiandika mtu aliyeuawa nitafungwa maisha? Kama kila mwandishi wa kaunti hii angelipa kwa yale yanayotendwa na wahusika wake, mbuzi wangekwisha. Wambura ni mwalimu wa hisabati na maneno mengi humchosha. Alikuwa akichambua mchele wa sikukuu, na hakuinua uso.

"Baba Igoki," akasema, "peleka mbuzi."

Nikamuuliza kama yeye pia anaamini nina kosa. Akasema yeye hajasema habari ya kosa, amesema habari ya mbuzi. Sikuelewa, na nilikuwa na hasira mno kuuliza mara ya pili.

Sipeleki. Maandalizi mengine yanaendelea vizuri. Unga wa chapati upo, mafuta yapo, leso ya Mama Njue imenunuliwa na Wambura kwa sababu mimi siruhusiwi kumchagulia nguo, na magunia ya viazi yamefungwa tayari, kwani kule wana mtama na ndengu lakini kiazi kwao ni anasa. Fisi amekwama palepale.

*

Kama mtu anataka kushindana na wazee, ni vizuri asome kwanza. Mwalimu Riungu wa kikundi chetu ameniazima kijitabu cha mila za watu wa Embu na Mbeere, chembamba, kimeliwa na mchwa pembeni, kikiwa na sura nzima juu ya ukwe. Nimekisoma kwa kalamu mkononi. Kuna faini ya kumshika mama mkwe, kuna ya kumwita kwa jina, kuna ya kumkuta akioga, na hakuna popote faini ya kumwandika. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyeyaona majibu nyuma ya kitabu. Nikapiga picha ukurasa ule, nikamtumia Linda, nikamwomba amsomee mama polepole.

Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Mama amesema aliyeandika kitabu hicho hakumuuliza yeye.

Nikabadilisha njia. Kama shida yao ni mbuzi, nikafikiri, basi wanunue mbuzi. Kiambere kumejaa mbuzi kuliko watu. Nikatuma pesa kwa simu, za kutosha mbuzi mnono na chumvi yake juu. Pesa zikarudishwa, na baada yake ukaja ujumbe wa sauti wa Linda, ambaye alisomea Nairobi na hajawahi kurudi kabisa.

"Shemeji, mathe anasema pesa haina kwato. Anataka mbuzi, na anataka akuje na wewe. Si uko na gari?"

Nilicheka peke yangu shambani, kisha nikakasirika tena kwa sababu nilikuwa nimecheka. Ningeendelea na ukaidi wangu hadi Krismasi yenyewe, na nawaambia hivi kwa kuwa najijua. Lakini siku iliyofuata Linda alipiga simu na hakuwa na mzaha. Mguu umevimba hadi kwenye goti. Majirani wanawake wanamgeuza kwa shuka, na akigeuzwa huuma upande wa kanga ili asilie mbele yao. Hata chakula hali vizuri. Daktari wa zahanati amerudi, akatoka nje kabla ya kusema alichokiona. Nikamuuliza Linda kama mama sasa amekubali kupelekwa. Akasema hapana, na kwamba kitu kimoja tu ndicho anachouliza kila asubuhi: mkwe amesemaje kuhusu yule mbuzi?

Niliogopa. Sina neno lingine la kuipamba. Niliogopa kwamba mama huyu atakufa katika chumba kile, na kwamba hadi mwisho atakuwa anadai faini ya hadithi. Nilimwona mbishi kupita kiasi. Niliona pia kwamba mbishi mwenzake ni mimi, na kati ya wabishi wawili aliyelala na mfupa uliovunjika hakuwa mimi.

Kwa hiyo nimenunua mbuzi. Siku ya soko wafugaji hupanda Kiirua na mifugo kutoka pande za Isiolo, na nimezunguka kati yao nikitafuta beberu wa rangi moja hadi wakaanza kunicheka. Mmoja aliniuliza kama mbuzi huyu ni wa kula au wa kuoa. Nimempata mweusi, mkubwa, mwenye jicho la dharau. Nimemkagua kovu kuanzia masikio hadi mkia. Ifahamike kwamba sikubali kosa. Nalipa mbuzi ili Wambura aingie kwao bila kununiwa, na akishaingia apate nafasi ya kumsihi mama yake akubali gari la watu wengine, lolote lile. Wambura nilimweleza mpango huo. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi, akaenda kufunga mizigo.

Krismasi hatuingojei. Tunaondoka kesho asubuhi, itukute hukohuko.

*

Barua hii imechelewa na sikusoma kitu, isipokuwa vibao vya barabarani.

Tulishuka Meru, Chuka, Embu, tukakata kuelekea Kiritiri, na joto likiongezeka kila tulipoteremka. Mbuzi alikuwa nyuma kati ya magunia ya viazi na kabichi za sikukuu. Tulipofika Embu kabichi hazikuwepo tena. Kwenye korongo nililazimika kushuka nikapanga mawe, na pikapu ikapita kwa kulalamika.

Kwenye lango la Mama Njue nilimshusha mbuzi, nikamvuta kwa kamba mbele ya majirani waliokuwa wamejaa uani, wakinong'ona. Nikiwa nimeandika watu hao hao wakifanya jambo hilo hilo, niliona haya kidogo. Mzee Muchangi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Hakuinuka kunisalimia. Alimpapasa mbuzi mgongoni, akamfungua mdomo, akamtazama kwato moja baada ya nyingine, akasema mbuzi ni mzuri. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefunikwa kwa pazia la kitambaa cha maua. Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa, nami nikageuka haraka nikaangalia bwawa, kama kawaida yangu.

Mbuzi akachinjwa. Nilitaraji tutangoja nyama iive, watu wale, wazee waseme maneno, kisha Wambura aingie kuanza kumbembeleza mama yake kuhusu gari. Lakini ini lilitolewa kwanza likachomwa peke yake, na Mzee Muchangi akalikata vipande viwili kwenye jani la mgomba lililotoka sijui wapi katika ukame ule. Kipande kimoja akampa Linda apeleke nyuma ya pazia. Kingine akanipa mimi.

Akaniambia nile. Nikala. Akangoja kidogo, akaita kwa Kimbeere kuuliza kama huko ndani kumeliwa. Linda akajibu kumeliwa. Mzee akaniambia nigeuke, niache kutazama bwawa. Nikageuka, na Linda akaondoa pazia mlangoni, akalikunja, akaliweka chini ya kwapa lake.

Nilisimama kama mtu aliyesahau njia. Mzee Muchangi akaona sijaelewa, na nadhani hapo ndipo alipojua kwamba sikuwa nimeelewa tangu mwanzo. Akanieleza kwa upole, kwa Kiswahili, ili pasiwe na kosa. Mkwe na mama mkwe wakishakula ini la mbuzi mmoja, haya imekwisha kati yao. Wanaweza kusalimiana, wanaweza kula pamoja, na mkono wa mkwe unakuwa mkono wa mwana. Mbuzi huyo hulipwa mkwe akishamkosea mama.

"Kwani hangeweza kuniambia tu?" nikamuuliza. "Ningeleta mbuzi siku ileile."

"Mama mkwe haombi mbuzi huyo," akasema mzee. "Akiomba, hata kwa mdomo wa binti yake, ni sawa na kukuomba umshike. Mwanamke wa umri wake atafungulia wapi mdomo? Lakini akikosewa anaweza kudai. Wewe ulikuwa hujamkosea. Umekuwa mkwe mwenye adabu sana, Gikunda, mpaka tukakosa la kufanya."

Nikamtafuta Wambura. Alikuwa amesimama kando ya pikapu, na godoro tayari limetandikwa nyuma juu ya magunia ya viazi, na mashuka, na mto. Alikuwa amelifunga kwenye mizigo tangu Kiirua. Nilikuwa nimeliona godoro lile safari nzima na sikujiuliza ni la nini. Alikuwa akilia bila kutoa sauti, na bado ananitazama vilevile, akingoja nimalize hesabu.

Nikamaliza. Mama huyu alilala na mfupa uliovunjika akingoja mkwe wake amkosee. Ijumaa moja akasomewa kwamba amekosewa, akataka asomewe tena asije akawa amesikia vibaya, akamwita shemeji yake adai haki. Kisha mkwe akabishana. Akamletea kitabu cha mila. Akamtumia pesa. Kila asubuhi aliyokuwa akiuliza habari ya mbuzi, alikuwa akiuliza kama leo naja kumchukua. Niliona aibu hata masikio yakawaka moto. Hiyo aibu haina mbuzi wa kuilipia, na nimeiandika hapa ili ikae mahali.

Nikavua viatu nikaingia.

Ni chumba kidogo, kina kitanda, redio na kalenda ya kanisa. Nilimtazama Mama Njue usoni kwa mara ya kwanza. Ana paji la uso la Wambura. Alikuwa amejifunga leso mpya, amechanwa nywele, na midomo yake ilikuwa na majeraha madogo mahali alipokuwa akijiuma. Yeye pia alinitazama, kwa muda mrefu, kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayelinganisha bidhaa na maelezo aliyopewa. Nikamwamkia. Akaitikia. Sauti yake niliijua kwa kuisikia ng'ambo ya kuta tu, na kwa karibu ni ya chini zaidi.

Nikainama kama yule mtu wangu wa hadithi alivyoinama, mkono mmoja chini ya mgongo, mwingine nikaupeleka chini ya magoti. Akanishika kifundo cha mkono, akanizuia.

"Si hivyo," akasema. "Yule mtu wako alimshika upande mbaya. Nilimwambia Linda arudie pale nikasikia: huyu ataniumiza. Mguu wangu ni wa kushoto."

Nikazunguka kitanda, nikahamisha mikono. Akaniwekea mkono wake shingoni bila kusita, akafumba macho, nami nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi kuliko mbuzi.

Watu uani walitupisha. Nilimlaza kwenye godoro, Wambura na Linda wakakaa pembeni yake wakimshikilia, na korongo nikalipita polepole kuliko nilivyowahi kuendesha gari maishani. Embu walimpiga picha, wakamfanyia upasuaji. Daktari anasema wiki zile zimemgharimu: atatembea, ila kwa fimbo, na mguu mmoja utakuwa mfupi kidogo. Nilipomweleza, Mama Njue alisema mfupi si mbaya, mradi unafika zizini. Krismasi tuliila kwenye nyasi nje ya wadi, chapati na nyama ya mbuzi mweusi aliyoileta Linda kwenye sufuria, na Mama akatutazama dirishani tukila, naye akala tukimtazama. Ameuliza habari za fisi. Nimemsomea mimi mwenyewe.

Hadithi ya wiki ile nimeirekebisha, mtaiona hapo chini. Ni mguu wa kushoto, na yule mwanamume anafika mapema zaidi.